Nyuki wa North Uist

Nimezaliwa Sikonge, mkoani Tabora, na babu yangu alikuwa mrina asali. Kwangu mimi nyuki walikuwa moshi, mizinga ya magome juu ya miti, na onyo la kutowachokoza. Ndiyo maana Julai 2016, kisiwani North Uist huko Hebrides, Uskoti, nilishangaa kumwona mzee aliyetukaribisha akilala kifudifudi majanini kwa ajili ya nyuki mmoja.

Tulikuwa tukifuata njia ya mchanga kando ya bahari, kati ya vishamba vya shayiri na uwanda wa maua ambao wenyeji huuita machair. Udongo wake ni mchanga wa makombe yaliyosagwa na mawimbi, na wakulima huurutubisha kwa mwani. Nilifurahia upepo, maana jana yake ulipotulia tu, visubi walitung'ata hadi kwenye kope. Njiani nilipiga picha za vipepeo wadogo wa buluu. Mzee hakuwajali. Alikuwa na lake.

Alilipata penye maua ya klova nyekundu. "Usisogee," alininong'oneza. Nikalala kando yake, shati likilowa umande.

Alikuwa nyuki mnene, mwenye manyoya ya njano kama kifaranga, na mkanda mmoja mweusi kati ya mabawa. Kila alipotua, ua liliinama. Ulimi wake mrefu ulizama mpaka ndani kabisa.

Mzee akanieleza kwamba zamani nyuki wa aina hii alienea sehemu nyingi za Uingereza. Sasa amebaki visiwani humu, kwenye visiwa vya Orkney, na pwani ya kaskazini kabisa ya Uskoti. Kwingine nyasi zilianza kukatwa mapema kulisha ng'ombe, klova ikakosa nafasi ya kuchanua. Kundi lake lina nyuki makumi tu, mara nyingi ndani ya shimo lililoachwa na panya. Makumi! Mzinga mmoja wa babu ulikuwa na maelfu.

Saa moja jioni, jua likiwa bado juu, nilimpigia babu. Kwake ilikuwa saa tatu usiku.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Asali yake ikoje?"

Nikamwambia hakuna ya kurina, anaweka kidogo tu ya kwao.

"Na maua wanamwachia?"

"Hapa wanamwachia, babu. Hawakati mpaka yamalize kuchanua."

Akanyamaza kidogo, kisha akataka nimweleze tena ile njano.