Mzee wa chumba cha mwisho na habari za Hannawald

Huku Allgäu ninakokaa, kusini kabisa mwa Ujerumani karibu na mpaka wa Austria, Krismasi ikishapita tu watu akili zinahamia milimani. Mimi ni mtoto wa Tanga, nilikuja kufanya Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, ya kuhudumia wazee, na kabla ya hapo baridi kali niliyokuwa naijua ni ya Lushoto mwezi wa saba, ndo nikajiona nimemaliza.

Basi mwaka wa kwanza tarehe 29 Desemba nimepangwa zamu ya mchana, naingia sebuleni na chai nakuta wazee wote wameganda mbele ya TV, hakuna wa kugeuka hata kusema ahsante. Kwenye TV kuna kijana kakalia mti mwembamba juu huko kama kunguru, mara kajiachia, anashuka kwenye njia ya barafu kama kilomita 90 kwa saa, njia ikaisha akabaki hewani. Nikasema Mungu wangu huyu anakufa. Wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa, na yule wa chumba cha mwisho kwenye korido akanionyesha kiti pembeni yake, akaniambia kaa hapa kwanza, chai haiendi popote.

Yule mzee ndo mwalimu wangu wa huu mchezo wa kuruka na skii, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni za kuteleza kwenye theluji. Kila mrukaji akiwa hewani anapiga kelele "Ziiieh!", yaani vuta, vuta, eti ndo anamsaidia kufika mbali, na uwanjani ni watu elfu na elfu wanapiga hiyo kelele pamoja na kengele za ng'ombe. Akanielewesha kumbe hawaruki juu, wanafuata mteremko wa mlima, ndo mana hawavunjiki, skii wanazipanua umbo la V zikamate upepo, na wakitua lazima mguu mmoja utangulie la sivyo majaji wanakukata. Nikampigia mama video nimwonyeshe. Mama akauliza, wanaruka kwenda wapi? Nikasema hawaendi popote mama, wanashuka tu. Akasema sasa si wangeshuka kwa miguu.

Ila kila mwaka mazungumzo ya mzee yanaishia kwa mtu mmoja, Sven Hannawald, wenyewe wanamwita Hanni. Alizaliwa 1974 kule Erzgebirge, enzi hizo ni Ujerumani Mashariki, akiwa bado mdogo akapelekwa bweni la shule ya michezo Klingenthal, ukuta wa Berlin ulipoanguka familia ikahamia Magharibi. Kuna mashindano yanaitwa Vierschanzentournee, vilima vinne vya kurukia ndani ya siku chache: Oberstdorf, Garmisch-Partenkirchen siku ya mwaka mpya, Innsbruck, halafu Bischofshofen tarehe 6 Januari. Yalianza 1953. Miaka yote hiyo walishapita mafundi wa kila aina, wapo walioshinda vilima vitatu, cha nne kinawatoka. Msimu wa 2001/02, mashindano yakitimiza mara ya 50, Hanni akachukua vyote vinne. Mzee anaisimulia Bischofshofen kama vile yeye ndo alikuwa juu ya mti, anakunja mikono, anainama mpaka nashika kiti chake cha magurudumu kisije kupinduka.

Mwezi uliofuata wakaenda Olimpiki Salt Lake City. Kilima kidogo akapata fedha nyuma ya Mswisi Simon Ammann, kilima kikubwa alikuwa na nafasi kabisa, akatua vibaya, wa nne. Halafu timu: Ujerumani dhahabu, Finland fedha, tofauti ni pointi 0.1. Sasa piga hesabu na mimi, kilima kikubwa mita moja ni pointi 1.8, kwahiyo pointi 0.1 haifiki hata sentimita 6, na hapo ni watu wanne kila mmoja karuka mara mbili, ukijumlisha ni karibu kilomita nzima wameruka wote pamoja, wakatofautiana vidole vitatu! Hiyo niliihesabu kwenye karatasi ya zamu nikamwonyesha mzee, akaiomba, ameibandika ukutani.

Nilichokuja kukijua baadaye, na sikukijulia kwa mzee, ni kwamba miaka miwili tu baada ya hapo jamaa alikuwa kliniki. 2004. Alikuwa bingwa wa dunia mara mbili wa ski flying, yaani kuruka kwenye vilima vikubwa kuliko vyote, alikuwa mwanamichezo bora wa mwaka Ujerumani, mabinti wanapiga kelele kama kwa msanii, na mwili umegoma, hapumziki hata akiwa amelala, jina lake burnout. Na ule wembamba wake, jamani tazameni picha za wakati ule, mashavu yameingia ndani, mana huu mchezo ukiwa mwepesi unaelea zaidi. Ndo kipindi hichohicho wakubwa wa mchezo wakaweka sheria kwamba mwembamba kupita kiasi anapunguziwa urefu wa skii. 2005 akatangaza basi, hana hata miaka 31.

Niliyasoma hayo usiku mmoja nimetoka zamu ya 9 mfululizo. Nyumbani kuna ada ya mdogo wangu, bati la mama, simu ikilia tu moyo unapiga. Nikaangalia ile picha ya mashavu nikajiangalia kwenye kioo cha lifti. Kesho yake nikaenda kwa daktari, nikaandikiwa wiki mbili za kupumzika. Nyumbani niliwaambia ni mafua.

Tangu 2002 hakuna Mjerumani mwingine aliyebeba yule tai wa dhahabu anayepewa mshindi. Desemba 2023 Andreas Wellinger alishinda Oberstdorf, sebule nzima ikalia machozi, halafu Mjapani Ryoyu Kobayashi akawa wa pili vilima vyote vinne, hakushinda hata kimoja, ila pointi za vilima vyote zinajumlishwa, tai akaenda naye kwao. Mzee hakula chakula cha jioni.

Mwaka huu ameniuliza tangu Oktoba kama Januari 6 nipo. Nimepangiwa asubuhi, nikabadilishana na dada mmoja Mfilipino nimpe Jumapili yangu, anipe jioni yake. Nimeshamwambia mzee chai ataipata kabla hawajaanza, kuruka kukianza mimi mwenyewe sinyanyuki.