Toka nyumba ya njiwa hadi Versailles

Basi la kutoka Dieppe, kaskazini mwa Ufaransa, lilituacha Varengeville-sur-Mer, tukamalizia kwa miguu hadi jumba la Jean Ango, tajiri wa meli wa karne ya 16. Nilifuata kitu kimoja: nyumba ya njiwa iliyoko uani. Ni mnara mnene wa duara, wenye kuba juu, na ukuta wa matofali na mawe yaliyopangwa kwa nakshi. Ndani umejaa vishimo kutoka chini hadi juu, kama 1,600 hivi, kila kimoja makao ya njiwa wawili.

Uzuri wake usikudanganye. Njiwa walikuwa wa bwana, yaani kabaila mwenye ardhi; mbegu walizokula zilikuwa za mkulima, naye hakuruhusiwa kuwagusa. Sungura na kulungu nao walijilia mazao, maana uwindaji ulikuwa haki ya makabaila.

Kesho yake nikashuka Versailles, haki hizo zilikofutwa. Watalii wakaelekea kasri. Mimi nikafuata avenue de Paris hadi Menus-Plaisirs, majengo yaliyokuwa ya burudani za mfalme, ambako sasa kuna kituo cha muziki. Ukumbi uliokuwa wa Bunge la Taifa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa ulibomolewa zamani. Hapo, usiku wa tarehe 4 Agosti 1789, huku wakulima mikoani wakivamia majumba na kuchoma hati za mabwana, mbunge kabaila, Vicomte de Noailles, alisimama akataka utumishi wa bure ufutwe na ushuru wa mabwana ukomboleke kwa fedha, yaani mkulima alipe kwa mkupuo asidaiwe tena. Wenzake wakapokezana hadi usiku wa manane. Haki ya njiwa ikaondoka, na ya uwindaji pia.

Ila huko kukomboa! Kwa ushuru wa nafaka, mkulima alitakiwa alipe mara 25 ya alichotoa kwa mwaka. Angezipata wapi? Wengi waligoma, mpaka sheria ya 17 Julai 1793 ikafuta ushuru huo bila fidia na kuagiza hati zichomwe. Ushindi huo nawapa wakulima, si waheshimiwa wa usiku mmoja.

Usiku uleule Duke wa La Rochefoucauld-Liancourt aligusia watumwa wa makoloni, hakuna kilichofanyika. Mimi ni mtu wa Kilwa, siwezi kulipita hilo. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliwekeana mkataba na sultani wetu auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Ufaransa iliufuta utumwa tarehe 4 Februari 1794, lakini wajumbe waliopeleka amri hiyo Île de France, koloni la Wafaransa ambalo ni Mauritius ya leo, mwaka 1796, walifukuzwa na walowezi, na 1802 Napoleon akauhalalisha tena.