Tone moja la damu
Jana nilimpokea baba mdogo bandarini, katoka Nansio kuja kupima PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu. Kutolewa damu dakika mbili. Majibu, njoo kesho!

Usiku kajitoboa kidole apime sukari, akaniuliza: "Mwanangu, hiki kidude kinashindwaje kupima na tezi dume?"

Nikamwambia watafiti wanahangaika na vifaa vya hivyo: vina kingamwili zinazonasa PSA, mkondo wa umeme unabadilika, namba inatokea. Ila sukari imejaa kwenye damu, PSA ni nanogramu chache tu kwa mililita. Na ikipanda si lazima iwe saratani, hata maambukizi au tezi kutanuka huipandisha.

Akafuta kidole kwenye msuli. "Haya, kesho tudamke, meli isiniache."