Nzi wadogo wa kwenye maua ya ndani: nilivyowamaliza bila kupuliza dawa

Ingia duka lolote la pembejeo hapa Tabora mjini, sema maua yako ya ndani yana nzi wadogo weusi, na muuzaji atakuwa ameshanyanyua chupa kabla hujamaliza kueleza. Chupa zile zimetengenezewa shamba la nyanya au la pamba, mahali penye upepo. Sebule yangu ina madirisha mawili, mtoto anayetambaa, na kuku wanaoingia kila mlango ukisahauliwa wazi. Niliiacha chupa dukani, nikaamua kwanza kutafuta hao wadudu wanatokea wapi.

Kabla ya chochote hakikisha unapambana na nani. Mvua zinapoanza mwezi wa 11, maembe nayo yanaanza kuiva, na kila nyumba inakuwa na nzi wa matunda. Watu wengi wanawachanganya. Nzi wa matunda ana rangi ya hudhurungi na macho mekundu, na utamkuta kwenye maganda ya embe na ndoo ya taka. Huyu wa kwenye maua ni mweusi, mwembamba, ana miguu mirefu, na urefu wake ni milimita 2 hadi 4 tu. Kuruka hajui vizuri. Anakimbiakimbia juu ya udongo. Ukimwagilia anaibuka, anazunguka chini chini, kisha anatua palepale.

Kumtambua ni muhimu kwa sababu ule mtego wa kikombe cha siki na tone la sabuni, ambao kila jirani atakupa, unawafaa zaidi nzi wa matunda. Niliuweka katikati ya vyungu. Ulijaa wageni wa maembe, na wa maua walikuwa wa kuhesabika.

Nzi unaowaona wanaishi kama wiki moja hivi, na hawali maua yako. Wanaokula wako chini. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 200 kwenye udongo wa juu uliolowa, na yakianguliwa yanatoka mabuu meupe yanayoangaza, yenye kichwa cheusi, membamba kuliko uzi wa kushonea. Hayo yanakula ukungu, majani yanayooza, na yakizidi yanahamia kwenye vimizizi laini. Ua kubwa litavumilia. Miche ya pilipili hoho niliyokuwa nimeisia kwenye makopo haikuvumilia. Ilinyauka wakati udongo umelowa chapachapa, na hiyo ni dalili ya mizizi iliyoliwa.

Kuyaona mabuu hakuhitaji darubini. Kata kiazi mviringo kipande kinene, kilaze juu ya udongo upande uliokatwa ukitazama chini, uache kwa siku moja au mbili. Kigeuze. Kama yapo, utayakuta yamekusanyika hapo, na wala hutauliza tena nzi wanatoka wapi. Mimi nilifanya hivyo chungu kwa chungu, na jibu lilinishangaza kidogo: mishubiri haikuwa na kitu. Ferni, begonia na lile ua linalotambaa hadi kwenye pazia zilikuwa zimejaa. Mishubiri hunyweshwa mara chache. Hayo mengine, kwa desturi ya nyumba yetu, hunyweshwa kila asubuhi, na chini yake tumezoea kumwaga majani ya chai yaliyotumika, ati ni mbolea. Majani ya chai yaliyolowa juu ya udongo ni karamu ya ukungu, na penye ukungu mabuu hayakosi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kukausha. Majani ya chai yakaenda shimoni. Nikaweka sheria kwamba hakuna anayemwagilia mpaka kidole kiingie hadi kiungo cha pili na kitoke kikavu. Watoto walifurahia sana sheria hii, kila mmoja akawa mkaguzi. Maua mengi yalivumilia bila shida, na mengine yalipendeza zaidi.

Ila ndoo za rangi zilitusumbua. Wengi wetu tunapanda maua kwenye ndoo za rangi zilizokwisha na hatuzitoboi, tukiogopa sakafu kuchafuka. Maji yanatuama chini na udongo haukauki hata ungoje vipi, hasa masika, hewa yenyewe ikiwa na unyevu. Nilichoma msumari kwenye mkaa nikatoboa matundu kwenye kila ndoo, kisha nikaweka mfuniko wake chini kama sahani. Maji yanayojikusanya kwenye sahani yanamwagwa siku hiyohiyo.

Ferni haitaki ukame, na hapo ndipo mchanga ulipookoa jahazi. Mchanga Tabora haununuliwi. Ni kutoka nje na koleo. Niliuchekecha, nikauosha mpaka maji yakatoka meupe, nikauanika juu ya bati mpaka ukawa moto wa kuunguza. Kisha nikautandaza juu ya udongo wa kila chungu, unene wa sentimita 2 hadi 3. Mchanga unakauka upesi, hivyo jike hapati unyevu wa kutagia. Kokoto hazifai, zina nafasi kati yake na nzi wanapenya.

Ukishaweka mchanga usimwagilie kwa juu tena, utakuwa umeharibu kazi. Weka chungu kwenye beseni la maji yanayofika robo ya kimo chake, kiache kinywe kwa chini kama nusu saa, kitoe kichuruzike. Mchanga wa juu unabaki mkavu na mizizi inashiba. Ni kazi zaidi kuliko kumwaga kikombe, sikatai, lakini si ya kila siku.

Waliokwisha kuwa hewani niliwanasa kwa dumu la mafuta ya kula. Nzi hawa wanavutwa na rangi ya njano, na yale madumu ya njano ya lita 20 yako kila ua wa nyumba. Lililopasuka nililikata vipande vya ukubwa wa kadi ya kupigia kura, nikavipaka mafuta ya mgando pande zote, nikavichomeka kwenye kijiti karibu kabisa na udongo. Ukivitundika juu dirishani vitanasa vumbi tu, maana nzi hawa hawapandi juu sana. Wapo wanaotumia gundi ya panya badala ya mafuta. Inanasa vizuri zaidi, lakini kwenye nyumba ya mtoto anayetambaa utakuja kuibandua kwenye nywele. Mafuta yakijaa wadudu, futa kwa karatasi, paka tena.

Sasa kuhusu mashauri ya watu, maana yalikuwa mengi. Mdalasini wa unga juu ya udongo: niliona afadhali ubaki kwenye chai. Mwarobaini nauheshimu, kwani una kemikali yake ya asili inayowazuia wadudu kujivua gamba na kukua, ila maji ya majani yake hufanya kazi yakimwagwa kwenye udongo yaliko mabuu, si kwa kunyunyizia majani ya ua. Nikiloweka majani usiku kucha na kumwaga asubuhi, nilirudisha ule unyevu niliokuwa naufukuza. Niliuacha.

La tumbaku ndilo lililonitia wasiwasi. Huu ni mkoa wa tumbaku, na kila mtu ana shangazi aliyewahi kuua wadudu kwa maji ya ugoro. Nilimpigia simu babu aliyelima tumbaku Urambo miaka mingi.

"Shikamoo babu. Nataka kuloweka tumbaku ninyunyizie maua ya ndani."

"Marahaba mjukuu wangu. Usithubutu. Sisi tulikuwa tukivuna majani yamelowa umande, jioni mtu anatapika na kichwa kinamzunguka, na hajala hata jani moja. Utaiweka hiyo ndani wanamolala watoto?"

Babu hakukosea. Nikotini inapenya ngozini, na kutokana na mmea haimaanishi si sumu. Ipo dawa ya kibaiolojia isiyo na shida hiyo, bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis israelensis, anayeua mabuu ya mbu na ya nzi hawa pia. Kiwanda cha Kibaha, mkoani Pwani, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba, hutengeneza viuadudu vya jamii hiyo kwa ajili ya madimbwi ya mbu. Kwangu mambo yalitulia kabla sijahangaika kuitafuta.

Usitarajie kutulia wiki ya kwanza. Kwenye nyuzi joto 24 hivi, ambazo huku ni hali ya kawaida, yai huanguliwa baada ya siku kama 3, buu hukua siku kama 10, kisha siku 4 hivi za kugeuka kabla ya kuruka. Mzunguko mzima ni siku kama 17. Ukikausha udongo leo, walioko chini wataendelea kutoka, na mtu asiyejua hilo hukata tamaa na kurudi dukani kuchukua chupa. Mimi niliangalia vipande vya dumu: wiki baada ya wiki vilikuwa vikinasa wachache zaidi, mpaka vikawa vinanasa mbu na vumbi.

Wakati ule babu aliniuliza pia udongo wa maua ninautoa wapi. Nilimwambia ni mboji ya zizini. "Mliichoma?" Kumbe wao kabla ya kusia tumbaku walikuwa wakilundika vichaka juu ya tuta la kitalu na kuvitia moto, ili wadudu na mbegu za magugu vife. Siwezi kuwasha moto barazani, lakini mboji naimwagia maji yanayochemka ndani ya karai, naifunika mpaka ipoe, kisha naianika juani kabla ya kupandia. Samadi ambayo haijaoza vizuri haiingii ndani kabisa.

Ua jipya nikipewa au nikinunua linakaa barazani wiki 3, na kipande cha dumu ndani ya chungu chake. Kisiponasa kitu, linaingia sebuleni.