Commando imeacha kunitetemesha jamani
Wakuu nimerudi barabarani na pikipiki yangu Norton Commando ya 1972, 750cc, na kwa mara ya kwanza nashuka mikono haijafa ganzi. Unajua hii injini pistoni zake mbili zinapanda pamoja na kushuka pamoja kwahiyo kutetemeka ni asili yake, ndo maana walivyoitoa 1967 hawakuifunga moja kwa moja kwenye fremu, injini na giaboksi na ule mkono unaoshika tairi la nyuma vyote vimeunganishwa kitu kimoja halafu vinaning'inia kwenye raba mbele na nyuma, wenyewe wanaita Isolastic.

Sasa raba za yangu zilikuwa zimekauka na kupasuka, nikaweka mpya. Kubadilisha siyo ishu sana, kazi ipo kwenye zile washa nyembamba (vibati vya duara) za pembeni ya raba zinazopanga nafasi, inatakiwa kama 0.25 mm hivi unapima na fila geji (vile vibamba vya kupimia nafasi ndogo), ukibana sana mtetemo unarudi wote mpaka kwenye usukani, ukilegeza sana ukiingia kona pikipiki inayumba kama mlevi. Nilishika hapo muda mrefu kweli, wife akawa anauliza kama nahamia gereji 😂

Injini ikiunguruma taratibu bila kuvuta mafuta bado inacheza kama ina homa, hiyo usishtuke ndo zilivyo, ila ukipita kama mizunguko 3,000 kwa dakika inatulia kabisa hadi vioo unaona gari la nyuma vizuri. Mwenye Commando ya 850cc ya 1975 ana raha, ile nafasi ya raba unarekebisha kwa kuzungusha tu, washa hakuna