Planta yangu ya hewa na upepo uliokuwa ukivuja

Masika iliyopita nilimpandia jirani yangu mmoja wa upande wa Mkata, wilayani Handeni, ekari 12 za mahindi, na wiki mbili baadaye mzee huyo aliniita shambani, akanisimamisha mwanzoni mwa mistari na kuniuliza kwa upole ulioniuma kuliko matusi: "Mwanangu, umenipandia mahindi au umenipandia mapengo?" Kati ya mistari minne ambayo mashine yangu hupanda kwa mkupuo mmoja, miwili ilikuwa imeota sawasawa, wa tatu ulikuwa na mapengo ya hatua nzima, na wa nne ulikuwa na miche mitatu iliyobanana, kisha patupu, kisha mitatu tena. Nilimrudishia sehemu ya fedha zake, nikampelekea vibarua wa kujazia mapengo kwa jembe la mkono, nikaamua kwamba sitaifunga tena planta ile nyuma ya trekta kabla sijaielewa.

Niliinunua ikiwa imekwisha kutumika, na aliyeniuzia alinihakikishia kwamba haikuhitaji kitu isipokuwa grisi. Ni ile aina inayofyonza, tofauti na mashine za mashamba makubwa ya ngano ya Kanada na Australia, ambazo hubeba mbegu zote katika tangi moja na kuzisukuma kwa upepo kupitia mabomba mpaka kwenye makumi ya mistari. Katika planta yangu kila mstari una kisanduku chake, na ndani ya kisanduku imo sahani iliyosimama wima, yenye tundu 18 za milimita 5 kwa ajili ya mahindi; ukitaka kupanda alizeti unaweka sahani ya tundu za milimita 2.5. Feni inayozungushwa na shafti ya PTO, ile iliyo nyuma ya trekta inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine inayofungwa, hufyonza hewa upande mmoja wa sahani, mbegu zikanasa kwenye tundu kwa upande wa pili, kibati chenye meno kikazipangusa zilizozidi ili ibaki moja moja, na sahani inapofika chini, mahali ambapo mfyonzo hukatika, mbegu huachia na kuanguka mferejini. Lakini feni haiizungushi sahani. Kazi hiyo ni ya gurudumu la ardhini, kupitia mnyororo. Kwa hiyo sahani inaweza kuzunguka kwa mwendo sahihi kabisa bila kubeba hata mbegu moja, na wewe uliye juu ya trekta usijue lolote.

Nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei ya sahani mpya na sensa za kuhesabu mbegu, vitu ambavyo si rahisi, wakati fundi wangu, ambaye kazi yake ya kila siku ni pampu za maji, aliponizuia. "Kaka, pima upepo kwanza," alisema. Tulichukua ule mpira mwembamba wa kuonyesha ambao waashi huutumia kupimia levo, tukaupinda kama herufi U juu ya ubao, tukautia maji yaliyokorogwa rangi ya ubuyu ili yaonekane vizuri, tukauacha mdomo mmoja wazi na mwingine tukauchomeka kwenye mstari wa kwanza. Mfyonzo unaofaa kwa mahindi katika mashine za namna hii ni wa milibari 50 hivi, ambao kwa kipimo chetu cha ubuyu ni tofauti ya sentimita 51 kati ya maji ya upande huu na ya upande ule. Tulizungusha gurudumu kwa mkono mpaka sahani zote zikajaa mbegu, kwa kuwa tundu zilizo wazi hupoteza hewa na kukudanganya, kisha tukawasha feni. Mstari wa kwanza, wa pili na wa nne ilisimama kwenye 44 na 45. Mstari wa tatu ulisoma 22.

Bomba la mpira la mstari huo lilikuwa zima kwa nje, limebanwa vizuri na kibano chake, na ningeapa kwamba halina kasoro. Fundi alipolifungua na kulikunja kwenye mwanga tuliona matobo mawili upande wa chini, yenye alama ndogo za meno pembeni: panya walikuwa wamehamia humo miezi ambayo mashine ilikaa bandani, na ndani tulikuta hata pumba za kiota chao. Bomba jipya nililipata Ngamiani, Tanga mjini, kwa fedha ambayo nisingethubutu kuilinganisha na bei ya sensa. Tulibadilisha pia sili za visanduku vyote vinne, ambazo sahani zilikuwa zimezichimba mifereji, na tukaukaza mkanda wa feni uliokuwa ukiteleza. Maji yakapanda mpaka 51 na kutulia.

Mstari wa nne ulikuwa na ugonjwa mwingine kabisa. Upepo wake haukuwa na neno, ila mnyororo ulikuwa na pingili tatu zilizoganda kwa kutu, hivyo sahani ilikuwa inakwama, kisha inaruka na kumwaga mbegu kadhaa kwa pamoja.

Jambo gumu zaidi kulirekebisha lilikuwa mazoea ya dereva wangu. Yeye ni mtu wa trela, na mtu wa trela hujisifu kwa kutumia gia kubwa na mafuta madogo ili dizeli idumu. Kwenye planta ya hewa ustadi huo ni hasara, kwa sababu shafti inatakiwa izunguke mara 540 kwa dakika, na feni ikipungua mwendo kidogo, mfyonzo hupungua kwa kiasi kikubwa zaidi: ukipoteza moja ya tano ya mwendo unapoteza zaidi ya theluthi ya mfyonzo. Sikumhubiria. Nilimwambia apunguze mafuta huku akiutazama ubao, akayaona maji mekundu yakishuka kutoka 51 hadi 33, akanyamaza. Sasa kuna mstari wa rangi nyeupe kwenye geji ya injini, na anajua kwamba hata anapogeuza mwishoni mwa shamba sindano haitakiwi kushuka chini yake.

Visahani vya kufungua mfereji navyo vilikuwa vimelika, maana sehemu kubwa ya mashamba ninayolima yalikuwa ya mkonge, na visiki vyake havina huruma na chuma. Visahani viwili vikiwa vizima hugusana mbele na kuchora mfereji wenye umbo la V. Vikilika huachana, mfereji unakuwa na kigongo katikati, na mbegu moja inalala kwenye sentimita 5 huku mwenzake ikibaki juu kabisa, chakula cha kunguru.

Jumamosi iliyopita ardhi ilikuwa na unyevu wa mvua ya kwanza, tukajaribu kwenye robo ekari yangu mwenyewe. Mistari yangu huachana kwa sentimita 75 na mbegu kwa sentimita 30, hesabu inayotoa mimea kama 18,000 kwa ekari, kwa hiyo kamba ya mita 9 inatakiwa iwe na mbegu 30. Tulipiga magoti tukafukua kwa vidole: 30, 29, 30, na mstari wa nne 33, jozi tatu zikiwa zimelala pamoja. Tulikisogeza kibati chenye meno alama moja karibu na tundu, tukarudia, tukapata 30.

Jioni yake nilikwenda kumsabahi yule mzee na kumwomba anikabidhi tena zile ekari 12. Amenipa 2, na amesema kamba ataishika yeye.