Siku yangu Barafu huanza usiku

Saa nne usiku. Kambi ya Barafu, Kilimanjaro, mita 4,673. Wageni wanaondoka saa sita kwenda kileleni, kwa hiyo mimi mpishi naamka kwanza. Maji ya ndoo yameganda juu. Nayapasua kwa mwiko na kuwasha jiko la gesi. Chai ya tangawizi na biskuti, basi. Atakayejilazimisha kula chakula kizito saa hizi, atakirudisha kabla ya Stella Point, pale ukingoni mwa kreta.

Saa sita taa zao za kichwani zinaanza kupanda. Narudi kulala.

Saa kumi na mbili asubuhi wagumu wawili, yaani wapagazi wetu, wanashika madumu kuelekea bonde la Karanga. Barafu hakuna chemchemi wala kijito. Kila tone limebebwa na mtu kutoka kule, njia ya mawe matupu. Ndiyo maana mgeni akimwaga chai iliyopoa huwa naona uchungu, ingawa nacheka naye.

Saa tatu nipo jikoni tena. Huku juu maji huchemka kwenye nyuzi kama 85 tu, basi maharage ukiyainjika leo utayala kesho kambi ya chini, Mweka. Napika supu ya karoti na viazi vilivyokatwa vidogo. Wagumu nawasongea ugali, kabichi na dagaa. Wasipate ugali, hapo utasikia maneno!

Saa nne wageni wanarudi. Mmoja anakaa vumbini na glavu zake mkononi, anapiga supu bila kijiko, ute wa pua umemkauka kwenye masharubu. Wamefika wote Uhuru, mita 5,895.

Saa saba tunafunga mahema. Tunashuka.

Saa kumi na moja, kambi ya Mweka, mita kama 3,100. Miti tena, hewa tena. Askari wa hifadhi wanapima takataka zetu. Simu inashika mtandao, na mama yuko hewani kutoka Machame:

"Baba, kesho zamu yetu ya mfongo, ule mfereji wa maji ya shamba. Migomba imekauka. Unafika lini?"

"Mama, getini tunafika saa tano, halafu tugawane tipu, halafu nipate gari."

"Maji hayasubiri tipu. Nitamtuma mdogo wako."

Huyo mdogo wangu namjua, ataacha maji yote yaende kwa jirani. Nimempigia shemeji.